Kuku Watano wa Kokoo

Kwa jumla, mambo yote yalitugharimu shilingi mia saba na hamsini ambazo hatujawahi kulipa, jogoo mmoja aliyeliwa kwa chapati, na lori moja la mawe ya kujengea. Nimehesabu mara mbili. Machozi sijayaweka, kwa sababu mengi yalikuwa yangu, na umri ule yalikuwa hayana bei.

Hesabu hii imefufuliwa na harufu. Juzi nilikuwa nimesimama uani kwangu katikati ya magunia ya chakula cha kuku, nikibishana na mwenye lori kuhusu gunia moja ambalo yeye alikuwa ameliona na mimi sikuwa nimeliona. Naserian, rafiki yangu tangu utotoni, akaingia getini, akanikumbatia kwa nyuma. Shuka yake ilinuka ule moshi wa mti wanaosafishia vibuyu vya maziwa, moshi mtamu wenye uchungu kwa mbali. Mara moja nikawa na miaka tisa, viatu vimebeba kilo mbili za udongo mweusi wa Kitengela, na kuku kwapani.

"Kokoo amenituma," Naserian akasema. Kokoo ni nyanya yake, mama wa baba yake. "Wanahamia Mashuuru kwa mjomba, huku wameuza. Anasema ni wakati. Anataka kuku zake."

Mwenye lori alilipwa lile gunia. Ndiyo mara yangu ya kwanza kushindwa na mtu wa lori, na naomba isienee.

Siku hizo Kitengela ilikuwa ploti na upepo. Watu wa kwetu walikuwa wameteremka kutoka Murang'a na Nyeri wakinunua vipande vya ardhi kwa wenyeji, kila mtu na nyumba yake ya mabati katikati ya nyasi kama kisanduku kilichoanguka kutoka kwa gari. Ukitoka choo cha nje asubuhi uliweza kukutana na nyumbu uso kwa uso, mkaaibika nyote wawili. Ploti yetu Baba aliinunua kwa mwanawe Kokoo, na boma la Kokoo lilikuwa ng'ambo ya ua wetu, umbali wa mtu kuitwa akasikia kama anataka kusikia.

Baba aliendesha lori la mawe kutoka timbo, pale wanapochonga mawe ya kujengea, mpaka kwa watu wenye pesa za kujenga. Mama alikuwa na kuku. Hawakuwa biashara. Walikuwa mapenzi tu. Cucu, mamake, alikuwa amemletea vifaranga kwenye katoni yenye matundu, na walipokua wakawa mitetea watano na jogoo. Baba alikuwa na dada watano, kwa hivyo Mama hakusumbuka kutafuta majina. Nyambura ndiye aliyekuwa mkubwa na aliyewadonoa wengine. Muthoni alikula sana na kutaga kidogo. Baba akirudi jioni angesikia, "Leo Nyambura amelala nje, ameshindwa kuingia mlangoni," na asijue kama ni kuku au ni mgeni anayekuja na mizigo. Jogoo aliitwa Diwani, kwa sababu alipiga kelele mapema na baada ya hapo hakuna kazi iliyoonekana.

Kila jioni, ugali ukishaiva na kabla hatujaitwa kula, Mama alikaa juu ya debe lililopinduliwa mbele ya kibanda chao. Alimwaga mahindi kidogo, kuku wakaja, naye akaongea nao kwa Kikuyu, sauti ya chini, akicheka peke yake. Mimi niliangalia kutoka dirishani. Mchana kutwa Mama alikuwa akiitwa. Mama Shiru, maji. Mama Shiru, chama. Mama Shiru, shati yangu iko wapi. Saa hiyo ya debe hakuna aliyemwita. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua hapo pana kitu kisichoguswa.

Baba akakigusa likizo ya Desemba, katikati ya chakula.

"Mama Shiru, hizo kuku zinakula unga kuliko sisi, na hakuna hata moja inaenda shule."

"Zinataga."

"Zinataga mayai ya kunywa chai. Mimi nanunua gunia ya chakula kila mwezi. Nimepiga hesabu. Yai moja kwa hii nyumba ni ghali kuliko nyama." Akasukuma sahani. "Shule ikifunguliwa kama hazijajilisha, hapo kwa kibanda najenga chumba ya kukodisha. Vijana wa timbo wanatafuta nyumba. Chumba haikuli."

"Chumba haitagi pia."

"Inataga kila mwisho wa mwezi," Baba akasema, na huo ukawa mwisho wa mkutano.

Jioni iliyofuata Mama alikaa kwenye debe lakini hakucheka. Kisha ujumbe ukaja kwamba Cucu anaumwa mguu, Mama akapanga nguo na kwenda Murang'a kwa siku chache. Aliniachia kuku. "Wewe ndiye mkubwa wao sasa," akaniambia. Nilichukua hayo maneno kama mtu aliyekabidhiwa kampuni.

Hapa lazima nieleze nilikojifunza biashara, kwa maana shida yote ilianzia huko, na huko ni kanisani.

Kanisa letu lilikuwa na mnada. Jumapili ya kwanza ya mwezi watu walileta mavuno ya Bwana: sukuma, maboga, mayai, mara nyingine mbuzi. Baada ya ibada mzee wa kanisa alisimama mbele akauza. Mwaka huo Mama alikuwa amemtoa Nyambura, na mimi ndiye niliyembeba, miguu yake imefungwa kwa kamba ya katani, moyo wake ukidunda kwenye mkono wangu. Mtu mmoja mwenye koti akainua mkono, akalipa mia tatu. Mzee akamnyoshea kuku. Yule mtu hakumpokea. Akapaaza sauti, "Rudisha!" Watu wakapiga makofi na vigelegele, na Nyambura akauzwa upya. Mwingine akalipa, naye akasema, "Rudisha!" Akauzwa mara nne, bei ikipanda. Wa mwisho alikuwa mama mmoja wa kwaya. Alilipa mia tano, akamtazama Nyambura, Nyambura akamtazama, akasema, "Mama Shiru, rudi naye tu nyumbani. Mimi sina kibanda." Tukarudi nyumbani na kuku wetu, na mfuko wa kanisa ukiwa na pesa nyingi kuliko za mbuzi.

Mtu mzima anajua kwamba pale watu walikuwa wakitoa sadaka. Mimi niliona kwa macho yangu kwamba kuku huuzwa, watu hufurahi, pesa hukaa, na kuku hurudi. Ile bei ilikuwa ya kumshika kidogo. Nilishangaa tu kwa nini Mama hafanyi hivyo kila wiki, nikafikiri labda ana haya. Watu wa kwetu wana haya ya kuuza.

Mimi sikuwa nayo.

Asubuhi Baba alipoondoka nilimkamata Nyambura, nikavuka ua mpaka kwa Kokoo. Niliinamisha kichwa kama alivyonifundisha Naserian, Kokoo akaniwekea kiganja utosini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake nje ya zizi la ndama, akimtoa kupe ndama mmoja masikioni, mmoja mmoja, akiwatupa kwa bati lenye makaa wapasuke.

"Kokoo, nauza kuku."

Akacheka kidogo. Kiswahili chake kilikuwa cha kutembea na fimbo, polepole lakini kilifika. "Mimi nakula ndege? Ndege ni nyama ya nani?"

"Hakuna haja ya kula. Huyu anakula kupe." Hilo nilikuwa nimeliona mwenyewe, Nyambura alikuwa na tabia ya kumpanda mbwa wetu mgongoni na kumtoa kupe kama fundi. Nikamweka chini. Sijui kama ni Mungu au ni njaa, kwa sababu Baba alikuwa ameshapunguza chakula, lakini Nyambura alitembea moja kwa moja kwa yule ndama, akamtazama mguu, na akadonoa. Kupe mmoja akaenda. Kokoo akaacha kazi yake.

"Pesa ngapi?"

"Mia mbili."

"Mia moja."

"Kokoo, dawa ya kuogesha ng'ombe ni pesa ngapi? Na haitagi."

"Ndege wa porini wanakula kupe ya ng'ombe yangu bure. Hata hawabishi."

"Hao jioni wanaenda kwao. Huyu atalala hapa."

Naserian, aliyekuwa rika langu na amesimama nyuma ya nyanya yake, akafunika mdomo. Kokoo alinitazama vile watu wanatazama ng'ombe kwenye mnada wa Kajiado, kutoka kwato kwenda juu.

"Mia na hamsini," akasema. "Na uniletee hao wengine. Kuku moja itamaliza kupe lini?"

Nilimletea wote watano. Mia saba na hamsini, noti kuukuu zilizokunjwa ndani ya kitambaa. Wakati wa kuondoka nikamwambia kwa heshima, "Nitakuja Jumamosi." Akaitikia kwa kichwa. Alifikiri nitakuja kusalimia.

Diwani nilimpeleka barabarani kwa Mwaniki, mwenye hoteli ya mabati pale malori yalipokuwa yakisimama. Hakubishana hata. Alimpima Diwani kwa mkono, akatoa mia mbili na hamsini kwenye aproni. Wakati ule niliona nimepata mteja mzuri. Siku hizi mteja akinunua bila kubishana huwa namuuliza maswali.

Elfu moja kamili. Jioni niliiweka mezani mbele ya Baba.

"Ni ya nini?"

"Ya kuku."

"Zote?"

"Zote."

Baba alihesabu, nami nikahesabu baada yake. Akanitazama kama mtu ambaye ameanza kuona nimefanana na nani. "Shiru," akasema, "wewe una akili ya biashara. Mama yako amejua?"

"Atajua akirudi."

Sikumweleza kuhusu kurudisha, kwa sababu nani hueleza mtu mzima jambo linalojulikana? Kesho yake akakodi vijana wa kupakia kwa ile pesa, na lori lake mwenyewe likamwaga mawe kando ya kibanda kitupu. Akatembea akipima kwa hatua mahali mlango wa chumba utakapokuwa. Nilimsaidia kushika kamba. Nilidhani anawajengea kuku nyumba kubwa, kwa vile sasa wameonyesha wanaweza. Nikampenda Baba sana siku hiyo.

Jumamosi, ambayo ndiyo siku Mama alikuwa arudi, niliamka mapema kukusanya mali. Nilianzia hotelini, kwa sababu Diwani alikuwa mzito na nilitaka kumbeba nikiwa na nguvu.

"Nimekuja kuchukua jogoo," nikamwambia Mwaniki.

"Umechelewa, lakini uko na bahati," akasema, akifunua sufuria. "Imebaki paja moja. Na chapati ama bila?"

Niliangalia ndani ya ile sufuria. Kulikuwa na viazi. Nilimwambia hapana, namtaka mzima, si nilikuuzia tu? Wanaume wa malori wakaacha kutafuna. Mmoja akasema, "Mwaniki, mtoto anataka jogoo wake wa Alhamisi," na meza yote ikalia kwa kicheko, mmoja akigonga mchuzi wake ukamwagika. Mwaniki hakucheka sana. Alimega chapati kipande akanipa, na mimi, Mungu anisamehe, nilikula nikilia.

Nilifika nyumbani na kumkuta Mama amesharudi. Alikuwa ameweka mkoba chini, ndizi za Cucu zikitoka nje, amesimama kati ya kibanda kitupu na lile rundo la mawe. Baba yuko mlangoni, fulana ya Jumamosi, tabasamu limeanza kumkauka.

"Dada zako umewauza?" Mama akamuuliza.

"Si mimi. Ni mtoto. Na ameuza vizuri."

Mama hakupiga kelele. Ningetaka apige. Alienda kukaa kwenye debe, lile la jioni, na ilikuwa saa tano asubuhi. Alikaa akiangalia ardhi mahali kuku hukwaruza. Baba akaanza kusema kitu kuhusu kodi ya nyumba, akakiacha njiani. Hapo ndipo nilielewa, bila kuelezwa na mtu, kwamba yale mawe hayakuwa ya kuku, na kwamba nilikuwa nimeuza lile debe pia.

"Mama," nikasema, "nilikuwa naenda kuwarudisha. Watano wako kwa Kokoo. Ni Diwani tu ndiye..." Nikashindwa kumtaja pamoja na viazi.

"Twende," akasema.

Tulivuka ua. Kuku walikuwa ndani ya zizi, na kusema kweli sikuwa nimewahi kuwaona hivyo. Muthoni, yule mlafi, alikuwa amezama kifuani ndani ya samadi akitoa funza kama mtu anayechota pilau. Nyambura alikuwa mgongoni kwa ndama. Hakuna aliyetukimbilia.

"Takwenya," Kokoo akamsalimia Mama.

"Iko," Mama akajibu, kisha akashindwa kuanza. "Kokoo, huyu mtoto amekosa. Aliuza kuku zangu bila ruhusa. Nimekuja... pesa zako baba yake amezitumia kwa mawe. Lakini nitatafuta."

Kokoo akanigeukia. "Wewe uliniuzia. Si tulikubaliana?"

"Tulikubaliana, Kokoo."

"Basi?"

"Basi nimekuja kuwachukua. Ni Jumamosi. Ulifaa useme 'Rudisha.'"

Mama akanitazama. "Aseme nini?"

Ikabidi nieleze. Nilieleza mnada wote, mtu wa koti, makofi, mara nne, mama wa kwaya. Nilikuwa nikilia na kuhesabu kwa vidole wakati mmoja. Nilipofika kwa "mimi sina kibanda," Mama alijiinamia. Nilifikiri analia. Mabega yalikuwa yakitetemeka. Kisha sauti ikamtoka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia hata kwenye debe, akajishika kwenye mlango wa zizi asianguke. "Mtoto wangu," akasema, "mtoto wangu aliuza jogoo hotelini akangoja arudi!"

Kokoo akadai atafsiriwe. Naserian akamweleza kwa Kimaa, akiigiza mpaka yule mtu wa koti. Kokoo alicheka mpaka akatoa shanga za shingoni apate pumzi. Kila alipotulia alisema neno moja, "Hoteli!" na kuanza upya. Ndama wakastuka. Nyambura akaanguka.

Alipomaliza kupangusa macho, akakaa vizuri kwenye kigoda na kuongea polepole, Naserian akimsaidia pale Kiswahili kilipokwama.

"Kuku hawawezi kutoka hapa," akasema. "Ndama yangu wamelala vizuri mara ya kwanza tangu mvua. Lakini sitaki kuku ya mama ambaye hakuuza. Kwa hivyo ni zako, Mama Shiru. Zilale kwangu. Zikule kupe yangu. Mayai mimi sili, watoto wangu hawali, chukua. Zikizaa, chukua watoto."

Mama alikuwa mtu wa haki mpaka inaumiza. "Na pesa yako? Mia saba hamsini?"

"Hiyo ni deni. Siku moja nitaitisha kuku tano."

"Nitakulipa mwisho wa mwezi, Kokoo. Nakuahidi."

Kokoo akakunja uso kana kwamba ametukanwa. "Nani amekuuliza mwisho wa mwezi? Mtu akiwa na deni yangu anajua njia ya kwangu. Akilipa, nyasi inamea kwa njia." Akaniita, nikainamisha kichwa, akaniwekea kiganja. "Kwetu mtu akikupa ng'ombe mnaitana Pakiteng. Mbuzi, mnaitana Pakine. Jina mnaacha, mnaitana hiyo mnyama mpaka kufa. Kuku hakuna mtu amewahi kupeana, ni aibu." Akaanza kucheka tena. "Wewe ni Pakuku. Na mimi Pakuku."

Tulirudi nyumbani na mayai matatu kwenye leso ya Mama. Baba alikuwa amekaa kwenye mawe yake.

Mama hakumpa maelezo marefu. "Kuku zinajilisha," akamwambia. "Zimepata kazi."

Yaliyofuata yalienda haraka, na hapa ndipo hesabu yangu hunifurahisha hata leo. Samadi na kupe na nzi vilifanya kazi ambayo gunia la dukani halikuwahi kufanya. Walitaga mayai ya kiini cha rangi ya machungwa, na kila asubuhi mimi na Naserian tulishindana kuyatafuta chini ya hori za kulishia ndama. Mama aliyachemsha jioni. Swali likawa nani atayauza, na jibu lilikuwa moja tu, lenye lori, linaloenda timbo kila alfajiri kwa watu mia wenye njaa.

"Mimi ni dereva," Baba akasema. "Siwezi kuonekana na ndoo ya mayai."

"Weka chini ya kiti," Mama akamwambia. "Yakishauzika, utasema ni yako."

Siku ya kwanza alirudi na ndoo tupu na uso wa mtu aliyeonja dhambi. Siku ya pili akaomba Mama aongeze pilipili ya unga kwenye karatasi ndogo, kila yai na yake. Wiki ya pili nilimsikia mwenyewe, siku niliyopanda lori naye, akipigia honi wachonga mawe: "Mayai ya Masai! Ya kiini nyekundu! Ukikula moja unapasua jiwe bila nyundo!"

"Dereva, jana ilikuwa bob saba!" kijana mmoja akamlilia kutoka shimoni.

"Jana hukuwa umeona nguvu yake. Leo ni nane."

Niliketi pale juu nikijua akili ya biashara nimeitoa wapi, na si kanisani.

Vifaranga vilipoanza kuja, kwa msaada wa jogoo wa kuazima, tulivileta kwetu kama tulivyokubaliana, na mwewe naye akaanza kuja. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Jioni moja Baba alitoka nje na kamba yake ya kupimia, mimi nikasimama nayo upande wa pili, moyo ukinidunda kama wa Nyambura kanisani. Akachora mstari. Akachora mwingine. Chumba kilikuwa kidogo kuliko kile cha kwanza, na mlango ulinifikia magotini.

"Baba, mpangaji ataingiaje?"

"Akiinama," akasema. "Hao ndio wapangaji pekee Kitengela wanalipa kila siku."

Hivyo ndivyo kuku wetu walivyopata nyumba ya mawe, sisi wenyewe tukilala ndani ya mabati. Debe Mama alilihamishia mbele ya mlango ule mdogo, na jioni akalikalia. Baba alijaribu kumwita siku moja, shati yake iko wapi. Kisha akajijibu mwenyewe ndani ya nyumba, "Nimeiona," na hakuwa ameiona.

Nimeendelea kutoka hapo. Leo niko na kuku mia nne na kitu; nilihesabu mara mbili na mara ya pili wakawa wengine. Hoteli za barabara ya Namanga zinanijua, zinanichukia kidogo, na zinanilipa kabla sijashusha trei. Mama amezeeka, bado ana debe. Baba amestaafu lori na husema biashara aliianzisha yeye. Na miaka hii yote, kila nikipita kwa Kokoo, nikiwa na sukari au bila kitu, aliniuliza, "Pakuku, deni yangu?" nami nikamjibu, "Iko, Pakuku," akaridhika, tukakaa. Mara mbili nilijaribu kumlipa. Mara zote mbili aliniuliza kama nimemchoka.

Sasa ameitisha mwenyewe. Nilimwambia Naserian nitapeleka ishirini, pamoja na jogoo na gunia la mahindi. Akatikisa kichwa. "Amesema tano. Hata mimi nilimwambia aitishe zaidi. Amesema wewe unajua kuhesabu." Lori la kuhama linakuja Jumamosi, na Mashuuru si ng'ambo ya ua.

Kwa hivyo tangu jana nimewatenga mitetea watano, wazuri, mmoja ana tabia za Nyambura kabisa. Jioni nimewakuta wanne. Nimehesabu mara mbili. Mama alikuwa kwenye debe lake, akiangalia mbali, na wa tano alikuwa ametulia chini ya kanga yake.

"Peleka wanne," akasema. "Mmoja tubaki tukidaiwa. Nitajua njia ya Mashuuru."

Naserian anasema hapana, mzee akiitisha mali yake hapunguziwi, ni kumdharau. Mimi nimefanya biashara na kila aina ya mtu na sijawahi kuomba ushauri wa bei, lakini hili limenishinda. Wewe uliyewahi kudaiwa na mtu unayempenda, niambie kabla ya Jumamosi. Nipeleke wanne, niseme nilihesabu vibaya, mimi ambaye hajawahi kuniona nikihesabu vibaya? Ama niwapeleke wote watano, nimwekee mikononi, niinamishe kichwa nisubiri kile kiganja, na nikawie kidogo pale mlangoni, kama mtoto asiyejua biashara, nione kama atasema, "Rudisha"?